Mgeni Asiyelala

Kwa siku arobaini nilikuwa baba hodari kuliko wote kisiwani Mombasa, na siri yangu ilikuwa moja tu: sikuwa nikiishi na mtoto.

Ndivyo ada yetu inavyotaka. Mke wangu alipojifungua binti yetu wa kwanza, katikati ya miaka ya tisini, alihamia kwa mamake Mji wa Kale ili akae arobaini yake. Huko alikandwa, akaogeshwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na hakuruhusiwa kuinua kitu kizito kuliko kijiko. Mimi nilibaki peke yangu katika fleti yetu ya kupanga Ganjoni, ghorofa ya tatu, nikilala fofofo kuanzia isha mpaka adhana ya alfajiri.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwaongoza watalii Ngome ya Yesu, na nyumba ya mama mkwe haikuwa mbali na lango la Ngome. Kila alasiri nilipita kumtazama binti yangu, na kila alasiri nilimkuta amelala ndani ya susu, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti za dari. Aliyekuwa karibu alikisukuma kwa kidole cha mguu huku mikono ikiendelea na shughuli nyingine. Chumba kilijaa wanawake. Huyu anakuna nazi, huyu anacheka, huyu anashona kwa cherehani, na redio inatangaza vifo vya siku hiyo. Mtoto hatikisiki. Nilisema mashaallah, nikanywa kahawa yangu, nikaenda zangu.

Kisha nikaanza kutoa mawaidha.

"Watoto hulia kwa kuendekezwa," niliwaambia waongozaji wenzangu tulipokuwa tukingoja wageni kivulini. "Wangu mimi hajui kulia."

Mmoja wao, baba wa watoto sita, alinitazama kwa huruma kama mtu amtazamaye mbuzi siku ya kuamkia Idi. Hata angenionya nisingesikia. Mpanda ngazi hushuka, na ngazi yangu ilikuwa ya ghorofa tatu.

Siku ya arobaini ilipofika, meli ya watalii ilikuwa imetia nanga Kilindini, nami nilikuwa Ngomeni tangu asubuhi na Wataliano, kwa hiyo shughuli ndogo ya kumtoa mtoto ilinipita. Nilifika magharibi na teksi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufungasha kila kitu, na juu ya mizigo ameiweka ile susu, imekunjwa vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mpishi wa mahamri anayejulikana mtaa mzima, na sauti yake haikuwa na mazoea ya kupanda. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu, mtoto bado mchanga," aliniambia. "Ungewaacha hapa kidogo."

"Mama, nyumba yake iko Ganjoni."

"Haya. Lakini nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia. Mwanangu akikonda, au mjukuu wangu asipolala, nitakuja kuwatwaa mwenyewe."

Hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Dada mkubwa wa mke wangu alirudi kwao kwa arobaini kama hii, akakaa huko mpaka mtoto akaota meno na kuyang'oa. Mumewe akawa anakuja kuwatazama kila Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu safi na ameshika mfuko wa machungwa, anakaa ukumbini kwenye ncha ya kiti kama mposaji. Nilimheshimu sana yule bwana, lakini sikuoa niwe mgeni wa Ijumaa. Nilitaka kula chakula cha jioni na mke wangu, na kumsikia mwanangu akiamka. Hili la pili nililipata.

Dari ya Ganjoni ni zege tupu. Usiku wa kwanza tulimlaza binti yetu katika kitanda kidogo cha mbao, akaitazama ile dari, akatafuta boriti, hakuziona, akaanza kulia, na kwa jinsi ninavyokumbuka hakunyamaza mpaka wiki mbili baadaye. Mke wangu husema natia chumvi. Yeye naye hakulala wiki hizo, kwa hiyo ushahidi wake haufai.

Mambo ya ajabu yakaanza kutokea nyumbani. Nilikuta pasi ndani ya friji. Mke wangu aliunga mchuzi wa samaki kwa majani ya chai, tukaula wote wawili mpaka mwisho, na hakuna aliyegundua mpaka siku ya pili. Mimi nilitoka kwenda kazini nimevaa viatu vya jozi mbili tofauti, vyote vya mguu wa kushoto, nikashangaa kwa nini barabara ya Ganjoni inanivuta upande mmoja.

Tukaanza pia vile vita ambavyo kila nyumba yenye mtoto mchanga huvijua, vita vya nani amelala zaidi.

"Wewe ulikoroma tangu isha," ananiambia.

"Nilikuwa macho. Nilikoroma kwa kuchoka tu."

Nakumbuka jibu hilo nililiona zuri kabisa. Tulipendana mimi na yeye, na bado tunapendana, lakini siku zile nikimwona amesinzia hata kidogo nilimwonea wivu, na wivu ule ulikuwa mkali kuliko wa wakati wa uchumba. Na kila tulipogombana nilimwona mama mkwe akilini, anashuka kwenye teksi.

Dawa ya kwanza ilikuwa yangu. Kama kinachokosekana ni susu, basi susu itaning'inizwa. Nilizunguka fleti nzima nikitafuta pa kufunga kamba, nisione mahali ila bomba la maji lililopita juu ya mlango wa jikoni. Namshukuru Mungu kwamba mke wangu ananishinda akili.

"Kwanza tia unga," alisema.

Nikatia pakiti za unga wa ngano mpaka zikafika uzito wa mtoto, nikaisukuma susu kwa kidole cha mguu kama nilivyowaona wanawake wakifanya, nikaanza hata kuimba. Bomba likashuka. Pakiti zikapasuka, maji yakamwagika juu yake, nami nikabaki nimesimama mlangoni tayari kusukumwa chapati. Mtoto, aliyekuwa mikononi mwa mamake, alinyamaza kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama vizuri. Kisha akaendelea.

Maji yalimleta jirani wetu wa chini, Mgiriama mmoja muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima aliyelea watoto wake wanne. Alipanda na ndoo na tambara bila kuitwa, akatusaidia kupangusa, halafu akampima mtoto kwa macho na mikono, mwishowe akatutazama sisi.

"Mtoto hana neno," alisema. "Wagonjwa ni nyinyi."

Akatuambia tulale kwa zamu: mmoja akiwa na mtoto, mwingine aende chumba cha pili akalale kweli, si kulala huku sikio liko nje. Mchana mtoto awe kwenye mwanga na watu, jioni taa zipunguzwe. Halafu kila jioni mambo yawe yale yale, yakifuatana vile vile: kuoga, kunyonya, kisha kitandani, chali, amelegea lakini macho hajayafumba, ili aijue mwenyewe njia ya kufika usingizini.

"Na msingoje miujiza," akamaliza. "Mtoto wa umri huu kuamka usiku ndiyo kazi yake."

Yalikuwa maneno ya busara, nasi tukayafuata kama watu wasiolala wanavyofuata mambo: tukashika moja tu, na hilo hakulisema. Tulijiaminisha kwamba mtoto anahitaji kimya. Redio tukaizima. Saa ya ukutani tukaishusha tukaifungia kabatini ndani ya mataulo. Chini ya mlango tukaziba kwa kanga kuukuu. Tukawa tunazungumza kwa ishara, na mke wangu alipotaka chumvi mezani alinyoosha kidole dirishani, upande wa bahari. Muuza samaki aliyepita chini akinadi nilimshukia ngazi zote nikamwomba achukue njia nyingine. Aliniuliza kama nina mgonjwa, nikamwambia ndiyo.

Kimya kilikuwa kimya kweli. Mtoto alilala kidogo kidogo, na kijiko kikigonga sahani aliruka kana kwamba mzinga umelia.

Huko kazini nako nilikuwa na aibu zangu. Siku moja nilikuwa juu ya ukuta wa Ngome na kundi la Wajerumani. Nilikuwa nimekwisha kuwafukuza Wareno kabla hawajaijenga Ngome yenyewe, na hakuna aliyelalamika. Nikafika kwenye habari za kuzingirwa, zile za njaa na maradhi, ambapo huwa nashusha sauti. Nikashusha sauti. Nikaegemea ukuta, nikafumba macho ili wausikie uzito wa jambo. Nilipoyafumbua kivuli kilikuwa kimehama, na Wajerumani wote wamesimama kimya, kofia mikononi. Walidhani ninawaombea wafu. Bibi mmoja alikuwa akifuta machozi. Nikasema amin, nikawapeleka kisimani.

Yule baba wa watoto sita aliyaona yote kutoka chini, na hakunicheka. Nilipoagana na wageni alisogea kwenye ubao wetu wa kivulini, akatandika gazeti.

"Lala," aliniambia. "Wageni wakija nitakuamsha."

Sijawahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo na mwanamume mwenzangu. Nililala mpaka alasiri, nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu, nikipanga jinsi ya kumhadithia mke wangu habari za Wajerumani kwa ishara. Mlangoni nikaona viatu vya mama mkwe.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, buibui bado mwilini, na miguuni pake mkoba mkubwa mtupu. Nilijua umekuja kujazwa nguo za nani. Mke wangu alikuwa amekaa mkabala wake, amekonda, ni kweli alikuwa amekonda, na mtoto kifuani pake analia.

"Shikamoo, mama," nikanong'ona.

"Marahaba. Nani amekufa humu?"

"Hakuna, mama."

"Basi mbona mwanong'ona? Nimeingia, mwanangu anipungia mkono kama bubu. Redio hakuna, saa hakuna. Kwangu mtoto huyu alilala watu wakimkunia nazi kitwani pake." Akanitazama. "Nilikwambia nitakuja."

"Uliniambia, mama."

Mkwe mwenye hekima hapo angeinamisha kichwa. Mimi sikuweza. Nilimwambia, kwa adabu lakini kwa sauti, sauti ya kwanza kusikika mle ndani kwa siku nyingi, kwamba hawa ni watu wangu, na kama ni kukosa usingizi basi waukose hapa, kwetu. Mke wangu alinitazama, kisha akamgeukia mamake.

"Mama, mimi nataka kukaa hapa," alisema. "Nimechoka tu."

Mama mkwe alimtwaa mtoto, akamweka begani, akatazama dari, kuta, dirisha.

"Nyumba hii mmemuonyesha?"

Sikuelewa. Ndipo akanieleza lile nililolikosa siku ya meli. Kwao, mtoto akitimiza arobaini, bibi humpakata akamzungusha nyumba nzima, chumba kwa chumba, akamweleza kwa maneno: huu ni ukumbi, hapa ndipo apokelewapo mgeni, hili ni jiko, usicheze na moto, hapa ndipo alipozaliwa mamako. Alikuwa amemwonyesha nyumba yake yote mpaka kisimani. Halafu sisi, jioni ile ile, tukamtia kwenye teksi tukaja kumweka mahali ambapo hakuna aliyemwambia ni wapi.

"Mgeni hatiwi ndani akaambiwa lala," alisema. "Muonyeshe kwanza."

"Mama, ni vyumba viwili na jiko."

"Muonyeshe."

Nilimpokea mtoto, nikasimama katikati ya sebule, nikaonyesha kwa mkono: hapa sebule, pale chumba, lile jiko. Basi.

"Wazungu, wewe wawazungusha mawe ya Ngome kutwa nzima," alisema mama mkwe, "na mwanao wamuonyesha kama mtu aliyeshikwa na tumbo."

Hilo lilinichoma, maana lilihusu kazi. Nikaanza upya, na safari hii nikatumia sauti yangu ya Ngomeni. Nilimwambia binti yangu kwamba hii ndiyo sebule, babako aliiteka kutoka kwa mende baada ya vita virefu. Dirisha hili linatazama upande wa Mbaraki, na upepo huingia hapa bila kubisha hodi. Hapa ndipo lilipoanguka bomba, na walioshuhudia bado wako hai. Kitanda hiki alikichagua mamako. Babako alitaka kile kingine, akashindwa. Na hapa, kwenye ukuta huu, ndipo nilipoegemea siku nilipoambiwa kwamba unakuja, kwa sababu miguu iliniisha nguvu kwa furaha. Sijui hilo lilitoka wapi. Sikuwa nimepata kulisema, hata kwa mke wangu. Mtoto hakulala. Ila alinyamaza, akawa anatazama kila ninapoonyesha, au mimi nilitaka kuamini hivyo.

Mama mkwe aliinuka, akachukua mkoba wake mtupu.

"Nawapa wiki," alisema. "Na ifungueni hiyo redio."

Saa ikarudi ukutani. Muuza samaki nilimfuata mpaka njia ya pili nikamwambia mgonjwa amepona. Mchana mke wangu alikuna nazi sebuleni mtoto akiwa ubavuni pake. Jioni tulipunguza taa, mtoto akaogeshwa, akanyonya, kisha nikamzungusha nyumba kwa njia ile ile na maneno yale yale, mende, dirisha, bomba, ukuta, na matembezi yakaishia kitandani pake, chali, macho bado wazi. Muuguzi wa chini alipotusikia alisema ndilo alilokuwa akituambia tangu mwanzo, ila hakujua kwamba linahitaji hotuba.

Jioni ya kwanza alilia kama kawaida yake. Ya pili pia. Ya tatu nilikaribia kukata tamaa, nikauona ule mfuko wa machungwa mkononi mwangu. Halafu jioni moja, nilipofika kwenye bomba, alinipigia mwayo mkubwa usoni. Huo mwayo naujua, wageni hunipigia kila siku na huniumiza roho. Ule wake niliupokea kwa mikono miwili. Nilimlaza, akageuza shingo huku na huku, akakunja ngumi zake ndogo, akalala. Aliendelea kuamka usiku, kazi yake ndiyo hiyo, lakini alinyonya akarudi kulala, na zile zamu zikaturudishia akili. Mchuzi ukawa mchuzi.

Wiki ilipotimia mama mkwe alikuja adhuhuri. Nilimfungulia mlango huku redio inasema na sufuria inalia jikoni, nikamwongoza mpaka chumbani bila neno. Mtoto alikuwa amelala. Mama mkwe alisimama juu ya kile kitanda kidogo muda mrefu, nami, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikangoja sifa. Hazikuja. Nilipomtazama vizuri niliona macho yake mekundu, na chini yake kumeingia weusi ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Yuwalala," alisema.

"Yuwalala, mama. Wiki hii hatuna neno."

"Alhamdulillahi." Akakaa juu ya mkeka kando ya kitanda, bila kuvua buibui. "Mimi ndiye silali."

Hakulisema kwa kulalamika. Alisema kwamba jioni ile tuliyoondoka kila mtu alirudi kwake, mkandaji, majirani, mashangazi, nyumba ikabaki tupu. "Nikifumba mato, kimya chaniamsha," alisema. "Siku ile sikuja kwa ajili ya mtoto. Nalikuja kwa ajili yangu, nikaona haya kusema."

Mke wangu alikaa chini akamkumbatia mamake. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke huyu wiki zote zile, na yeye muda wote alikuwa macho kama sisi, tena bila mtu wa kupokezana naye zamu.

Mama mkwe akapitisha mkono katikati ya vijiti vya kitanda, akaushika mguu wa mjukuu wake, akaegemea, akalala. Alilala palepale, mdomo wazi, na akaanza kukoroma. Niliinuka nikazime redio, mke wangu akanizuia. Tukakaa sakafuni, watu wawili wenye usingizi kuliko wote mjini, tukawalinda wote wawili mpaka alasiri, na hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani.